Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: tusiwasahau waliokwisha kuambukizwa

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nakuandikia kuhusu protini mbili ndogo za virusi vya papiloma, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, yaani E6 na E7, na kwa niaba ya wanawake ambao tayari wanaishi nazo.

Virusi hivi havina mtambo wao kamili wa kunakili vinasaba, hutegemea ule wa seli. Lakini seli za mlango wa kizazi zikishakomaa huacha kugawanyika, na mtambo huo huzimwa. E7 huuwasha upya. Huinasa protini ya seli iitwayo Rb, ambayo kazi yake ni kuzuia mgawanyiko usio wa wakati wake, nayo ikishanaswa seli huanza kunakili vinasaba ovyo. Kwa kawaida kasoro kama hiyo huiamsha p53, protini mlinzi wa seli, ambayo huisimamisha seli au huiamuru ijiue. Hapo ndipo E6 inapoingia. Yenyewe haiwezi kuivunja p53. Huazima kimeng'enya cha seli hiyohiyo, E6AP, kikaibandika p53 alama ya vitu vya kutupwa, kisha seli inamsaga mlinzi wake kwa meno yake yenyewe. Nimelifundisha somo hili miaka mingi, na bado hunishtua.

Maambukizi mengi mwili huyaondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Yanayobaki ndiyo ya kuogopwa, hasa ya aina ya 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Mkakati wa 2020 wa shirika lako wa kutokomeza saratani ya mlango wa kizazi unataka, ifikapo 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya wenye ugonjwa wawe wanatibiwa. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini chanjo hufundisha mwili kuitambua L1, protini ya ganda la virusi. Seli iliyokwisha kutekwa, iliyo chini kabisa ya tabaka, haitengenezi ganda. Ina E6 na E7. Kwa hiyo chanjo inamkinga binti, haimponyi mama yake. Mama huyo tunaweza kumkata au kumgandisha sehemu iliyoharibika, na matibabu hayo yanaokoa maisha, ila dawa iliyoidhinishwa ya kuviua virusi vyenyewe bado hatuna.

Wala si kwamba adui huyu hana pa kupigwa. Seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks, mgonjwa wa Marekani, mwaka 1951, zenye virusi vya aina ya 18, zinaendelea kukua maabara hadi leo. Watafiti walipozizima E6 na E7 ndani yake, p53 na Rb zilirudi kazini na seli zikaacha kugawanyika. Baada ya miongo yote hiyo, saratani ile ilikuwa bado inazitegemea protini mbili ambazo seli yenye afya ya binadamu haina!

Ninaomba mambo mawili. Dawa na chanjo tiba (za kuponya walioambukizwa, si za kukinga) zinazolenga E6 na E7 ziwekwe wazi kati ya vipaumbele vya utafiti vya shirika lako. Na pale nchi zinapotoa taarifa za chanjo, zitakiwe kutaja pia, katika ukurasa uleule, ni wanawake wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na virusi, na wangapi kati yao walitibiwa.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa baiolojia