Skrini za 4K zisipokelewe kwa kuwaka tu

Mhariri,

Kamati za kupokea vifaa katika ofisi nyingi zikiletewa kompyuta mpakato na skrini za 4K hufanya jaribio moja: waya unachomekwa, picha inatokea, sahihi inawekwa. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini hilo halitoshi.

Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Kuzichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani Hz 60, kila pikseli ikibeba biti 24 za rangi, kunahitaji karibu gigabiti 12 kwa sekunde. Tundu la USB-C lina njia nne za kasi, lakini doki nyingi (vifaa vya kuunganisha kompyuta na skrini, flashi na mtandao kwa waya mmoja) huchukua mbili kwa ajili ya flashi na mtandao, picha ikaachiwa mbili. Kwa DisplayPort 1.2, toleo la kiwango cha kupitisha picha, njia mbili hupitisha gigabiti 8.64 tu, basi draiva, yaani programu inayoendesha picha kwenye kompyuta, inashusha kasi hadi Hz 30 bila kumwambia mtu. Mshale wa mausi unajikokota, macho yanachoka, na lawama zinamwangukia fundi. DisplayPort 1.4 hupitisha 12.96 kwenye njia hizo hizo mbili, na inatosha, ila lazima kompyuta na doki zote ziwe nayo.

Kwa hiyo, kwenye Windows 11, fungueni mipangilio ya kina ya skrini msome Hz na mfumo wa rangi. Mkikuta YCbCr 4:2:0, ujue rangi zimepunguzwa ili picha ipite: andikeni herufi ndogo nyekundu juu ya bluu, mtaona kingo zake zimefifia. Kwenye Linux inayotumia X11 (mfumo wa kuonyesha picha), amri ya xrandr huweka nyota kando ya kasi inayotumika.

Halafu lifuate zoezi linalorukwa na wengi. Ilazeni kompyuta na kuiamsha mara kumi, chomoeni waya na kuurudisha programu zikiwa wazi, na kila mara msome Hz tena. Draiva na skrini hupatana kasi upya kila zinapokutana, na hapo ndipo waya hafifu au draiva yenye kasoro hujulikana. Kioo kikibaki cheusi, bonyezeni Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja ili draiva ianze upya. Picha ikirudi, ishukuni draiva kwanza. Isiporudi, jaribuni waya mwingine, mfupi. Waya wa chaja ya simu huingia vizuri kwenye tundu hilo, lakini mara nyingi ni wa USB 2.0 na hauna njia za kubeba picha.

Toleo la draiva, ambalo dxdiag, programu ya Windows, hulionyesha, liandikwe kwenye hati ya mapokezi. Windows Update inaweza kulibadilisha siku yoyote, na bila namba ile hakuna anayejua arudi kwenye lipi.

Zabuni nazo zitaje wazi: 4K, Hz 60, RGB (rangi kamili zisizopunguzwa), kupitia doki ile ile itakayonunuliwa. Muuzaji alete seti moja kamili ijaribiwe kabla ya kuleta nyingine.

Mafundi wa kompyuta,
Dar es Salaam