Ule uwanda wa Engikaret sio pori tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hili jambo limenikaa rohoni. Mi ni dereva wa watalii hapa Arusha, barabara ya Namanga naipita kila wiki, na ukishapita Oldonyo Sambu kabla hujafika Longido kuna uwanda wa nyasi fupi ambao watu wanausinzia tu garini wanasema hapa hamna kitu. Kitu kipo. Kuna kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa rangi ya vumbi, wanasayansi walimtambulisha mwaka 1966, na dunia nzima yuko upande huo tu, ndugu zake wa karibu wako mbali kabisa huko Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Wetu wanakadiriwa hawafiki hata 1,000.

Kumwona lazima ushuke utembee na vijana wa Kimaasai wa pale, wao ndio wanajua amelalia wapi. Mwanzo huoni chochote, mara unachodhani ni donge la udongo linasimama wima kwa miguu mirefu linakuangalia, linakimbia kidogo, linasimama tena, mkia mfupi wenye weupe nchani. Kiota chake ni kishimo tu chini, ubavuni mwa kichaka cha nyasi.

Sasa juzi gari moja la kampuni ambayo siitaji liliacha barabara likawa linamfukuza ili mgeni apate picha ya karibu. Tulipofika kwa mguu tukakuta tairi limepita kiganja kimoja tu kutoka kwenye kiota, mayai mawili ndani. Niliumia jamani. Na udongo ule ni wa majivu ya volkano, laini kama unga, gari likishakanyaga alama inakaa, nyasi zinachelewa kurudi, na anayekuja kesho anaona alama anadhani ni njia naye anaifuata.

Halafu kuna wanaosema eneo lile lipandwe miti au ligawiwe watu walime. Miti mi naipenda ila sio pale, huyu ndege anataka nyasi fupi na uwazi. Mbuzi na ng'ombe wa Wamaasai pamoja na swala tomi ndio wanaozifanya ziwe fupi. Mifugo ikizidi linabaki vumbi, ikiondolewa kabisa nyasi zinarefuka anahama, na jembe likiingia ndio basi tena. Kwa hiyo wazee wa pale wakipanga zamu za malisho wasikilizwe, na kwenye mipango ya ardhi tuache kuandika kwamba ni eneo lisilotumika.

Madereva wenzangu, gari libaki barabarani. Mwambie mgeni avae viatu vya kutembea, mlipeni kijana wa kijiji awaongoze, hiyo picha ataipata tu na pengine nzuri zaidi maana ndege hajatishwa.

Dereva, Arusha