RISALA YA KAMATI YA MAANDALIZI KWA MGENI RASMI KATIKA HAFLA YA KUWAAGA WALIMU WA MUZIKI

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, wazazi, walimu na wanafunzi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla ya kuwaaga Mwalimu wetu wa muziki na mkewe, ambao wote wawili wametimiza miaka 60 na wanastaafu kwa mujibu wa sheria. Tunatambua ratiba yako ni ndefu, hivyo historia tutaifupisha.

Walitoka Chuo cha Ualimu Butimba wakiwa wachumba, wakapangiwa shule hii ya bweni, wakafunga ndoa likizo ya kwanza na hawakuhama tena. Mwalimu alishika sauti ya teno na ya besi, Mama akashika soprano na alto, na vitabu vilipokosekana waliandika solfa ubaoni, wanafunzi wakanakili kabla ya prepo. Chini yao kwaya ilitwaa nafasi ya tatu katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, ushindi ambao sifa zake zilifika hadi mkoani.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tuseme lililotuleta. Miaka yote hiyo wamefundishia bwaloni. Kengele ya chakula ikigongwa, somo limekwisha. Kinanda cha kukanyaga kipo karibu na mlango wa jiko, ambako mvuke umelegeza mivukuto yake na mchwa wamemaliza mbao za nyuma. Ukibonyeza noti ya “la” ya katikati, hutoka pumzi tupu. Mama amezoea kuijaza noti hiyo kwa sauti yake mwenyewe huku vidole vikiendelea. Kuanzia muhula ujao sauti hiyo haitakuwepo.

Wazazi walichanga wakainua boma la chumba cha muziki hadi kwenye lenta. Mgeni rasmi mmoja, akiwa amesimama hapo hapo utakaposimama wewe, aliahidi mabati, nasi tukampigia makofi ya kilo. Mama alimtungia wimbo wa shukrani usiku ule ule. Mgeni wa mwaka uliofuata aliahidi kuyafuatilia mabati ya mwenzake. Tunawashukuru wote wawili kwa moyo huo, na ahadi zao zimehifadhiwa vizuri kwenye faili. Ndani ya boma umeota mpapai, na mwaka huu umeanza kuzaa.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba mabati 70 ya geji 28 pamoja na mbao za kenchi. Fundi tunaye, ni mzazi, naye hatadai ujira. Hatuombi fedha taslimu, tusije tukakusumbua kwa kuzifuatilia. Tunaomba mabati yenyewe na, ikikupendeza, utaje tarehe ya kuletwa, kwani Katibu yupo hapa na kalamu yake.

Wimbo wa shukrani wanakwaya bado wanaukumbuka. Mama ameelekeza uimbwe siku gari la mabati litakapoingia getini, naye ameahidi kuja kuuongoza hata akiwa mstaafu. Leo watakuimbia wimbo mwingine.

Tunaomba kuwasilisha.