Usimtumie dalali hata mia, mdogo wangu

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila nimeshaitikia ili tuingie kwenye jambo lenyewe, maana tangu jana usiku kila nikifungua WhatsApp nakutana na zile picha tano ulizonitumia na moyo unanienda mbio. Taili nyeupe, jipsamu yenye taa za buluu, dirisha la alumini, na chini yake maneno ya dalali: "Dada changamka, kimebaki kimoja, kuna mtu anakuja na hela saa kumi." Huyo mtu wa saa kumi namfahamu. Alikuwa anakuja na hela tangu nilipohamia Dar es Salaam mwaka 2014, na mpaka leo hajafika.

Nakuandikia hadharani kwa sababu mwaka huu wewe ni wa nne kuniuliza swali hilihili, "nimtumie dalali hela anishikie chumba?", na nimechoka kurekodi sauti za dakika saba saba. Mama mdogo akiisoma barua hii naye asiwe na hofu. Mtoto hatalala stendi.

Kwanza tuelewane kuhusu hela. Hapa chumba kinatajwa kwa mwezi lakini kinauzwa kwa nusu mwaka. Ukiambiwa laki na nusu, wewe sikia laki tisa, kwa sababu wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wapo wanaotaka ya mwaka mzima, na wenye huruma wanakubali mitatu. Juu yake weka laki na nusu nyingine ya dalali, kwani udalali ni kodi ya mwezi mmoja, na ile elfu kumi au ishirini ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata ukionyeshwa banda la kuku. Umeshavuka milioni na godoro hujanunua. Watu wazima wa mji huu wanakumbuka enzi za sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na sasa mambo ni maelewano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, yaani yeye anasema, wewe unaelewa.

Ndiyo maana nakusumbua hivi. Ukinunua nyanya mbovu Kariakoo, hasara yake inaisha siku hiyohiyo. Ukikosea chumba, utaamka ndani ya kosa lako asubuhi mia na themanini, na hela ya kulihama hutakuwa nayo.

Mimi nilikosea Sinza. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga chumba kule, au nilidhani nimepanga. Kaka mmoja mwenye shati la kupigwa pasi alinifungulia kwa funguo zake mwenyewe, akanionyesha bomba linatoa maji, akatoa mkataba uliochapwa na kugongwa muhuri. Nikalipa miezi mitatu taslimu. Jumamosi ya kuhamia nafika na kirikuu kimejaa vyombo vyangu, nakuta kirikuu kingine kimeshapaki getini, na nyuma yangu kinaingia cha tatu, juu yake kuna mama na mtoto mdogo wamekumbatia feni. Wote watatu tuna mkataba wa chumba kilekile. Yule kaka alikuwa mpangaji tu, kodi yake inaisha wiki ile, na mwenye nyumba halisi ni bibi anayeishi Moshi ambaye hata hakujua kama chumba kimetangazwa. Tulikwenda polisi tukapewa RB, ile karatasi yenye namba ya taarifa yetu. Ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya cheti changu cha kuzaliwa. Kilichoniuma zaidi ni mjumbe wa mtaa, wa nyumba ya tatu kutoka pale, aliyekuwa amekaa barazani kwake anamenya machungwa. Akatuuliza kwa upole, "Sasa wanangu, mbona hamkuniuliza?"

Basi wewe uliza. Kabla hujatoa hela, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, taja nyumba, uliza ni ya nani na kama haina kesi. Nyumba nyingi hapa ni za mirathi: baba kafariki, watoto saba, mmoja anapokea kodi na sita wananuna. Siku sita wakiacha kununa na kwenda mahakamani, anayetolewa vitu nje ni wewe. Mkataba usainiwe palepale ofisini, mwenyekiti au mtendaji akishuhudia. Watakuomba ada kidogo, toa bila kinyongo. Na hela usimkabidhi mtu mkononi. Ilipe kwa benki au kwa simu, na ukilipa kwa simu, tazama jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama mkataba unasema mwenye nyumba ni Mzee fulani na simu inakuletea jina la kijana mwingine kabisa, bonyeza kughairi, rudi nyumbani ule.

Naona kama nimekutisha. Madalali si watu wabaya wote. Chumba ninachokaa sasa nilitafutiwa na dalali, mama wa makamo wa Tabata anayeuza vitumbua asubuhi na vyumba mchana, na hajawahi kunidanganya ila kwenye umbali. Umbali hapo wanadanganya wote. "Dakika tano kutoka lami" ni dakika tano za bodaboda isiyobeba abiria, saa nane ya usiku.

Umbali ndio jambo ambalo picha zako tano haziwezi kukuonyesha, na ndilo litakalokula maisha yako. Umeniambia kazi iko Posta, katikati ya mji, na kuingia ni saa mbili asubuhi. Chumba hicho kiko Kimara. Kwenye ramani ni safi kabisa: mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, tangu mwaka 2016 unatoka Kimara Mwisho, unanyoosha Barabara ya Morogoro mpaka Kivukoni, na unashuka karibu na mlango wa ofisi. Ila nenda Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, uone. Basi linajaa kabla halijafungua milango vizuri. Wanaokaa vituo vya katikati wanapanda kwanza basi linalokwenda Kimara, ili wageuze nalo wakiwa wamekaa kwenye viti. Mtu anasafiri kwenda nyuma ili aweze kwenda mbele! Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka. Wiki ya pili nilikuwa nageuza na mimi.

Halafu chumba chenyewe kikiwa ndani, kule wanakosema "ni hapo tu, unashuka kibonde", utaanza kwa bodaboda mpaka kituoni, na jioni bodaboda tena. Piga hesabu ya elfu moja moja hiyo kwa siku ishirini na mbili za kazi, uongeze kwenye kodi. Chumba cha laki moja na ishirini kule bondeni kinaweza kukugharimu zaidi ya cha laki na nusu kilichopo hatua chache kutoka lami.

Wenzako watakwambia Kigamboni, kuna upepo na vyumba vya bei nafuu. Kweli upepo upo. Lakini daraja lile la mwaka 2016 linatokea Kurasini, si Posta, na kwa mtu wa Posta asiye na gari njia ya karibu ni pantoni. Siku pantoni ikigoma utasimama Feri, upande wa Kigamboni, na viatu vyako vya ofisini ukitazama jengo unalofanyia kazi ng'ambo ya maji, unaliona mpaka madirisha, na hulifikii.

Kwa hiyo chumba cha Dar unakikagua kwa miguu. Anzia mlangoni saa kumi na mbili asubuhi kama unakwenda kazini, tembea mpaka kituoni, panda, fika Posta, tazama saa. Kisha rudi saa mbili usiku. Tazama kama njia ina taa, kama kuna watu barazani au ni ukuta mtupu wa fensi pande zote, kama ile baa iliyokuwa imelala mchana sasa imeamka na spika zake. Dalali hapendi kuonyesha chumba usiku. Sababu yake utaijua ukifika.

Na unakuja Agosti. Agosti kila mtaa wa Dar ni mzuri. Hakuna tope, mitaro imekauka, hata Bonde la Msimbazi linaonekana kama uwanja wa mpira. Mimi nimeona masika ya hapa, kuanzia Machi mpaka Mei, na wakongwe bado wanasimulia mafuriko ya Desemba 2011, yaliyofanya familia za mabondeni zihamishiwe Mabwepande. Kwa hiyo ukiingia chumbani, usianze na jipsamu, inama. Tazama ukuta chini: rangi mpya iliyoishia usawa wa goti ina hadithi. Kijiukuta kilichojengwa mlangoni ambacho lazima ukiruke nacho kina hadithi, na viroba vya mchanga nyuma ya choo havikuwekwa kwa urembo. Muulize jirani, si dalali, na usimuulize "maji yanaingia?" kwa sababu atasema hapana ili asimharibie mtu riziki. Muulize, "Masika iliyopita mlilala wapi?" Tena hata ukikaa mlimani kabisa, mvua ikizidi Jangwani, pale Barabara ya Morogoro inapokatiza Bonde la Msimbazi, panafungwa, na mwendokasi nao unasimama. Siku hiyo mlio Kimara na mlio Posta mnakuwa miji miwili.

Mengine nayapitia haraka. Umeme: uliza kama LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Mimi nimekaa nyumba ya vyumba sita, mita moja, tunachanga, na vita ya friji la chumba namba nne iliendelea mpaka mwenye friji akahama. Pia ujue kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU tangu mwaka 2021. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, sasa ni 1,500. Jengo si lako, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa, kwa hiyo liseme mapema, kabla ya kusaini. Maji: fungua bomba, onja. Maji ya kisima ya maeneo mengine yana chumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa kama katani. Uliza pia ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki, na simtanki lililo juu ni la nyumba nzima au la mwenye nyumba peke yake.

Sasa hili la mwisho halimhusu kaka yako, linakuhusu wewe. Wenye nyumba watakuhoji. Umeolewa? Una mchumba? Atakuwa anakuja? Unafanya kazi gani, na kwa nini unarudi usiku? Mmoja aliniambia usoni kwamba hapangishi mabinti kwa sababu "wanaleta wageni", na mwingine, wa nyumba ya pili yake, alisema hapangishi vijana wa kiume kwa sababu hawafagii. Usibishane nao. Ila na wewe hoji: geti linafungwa saa ngapi, nani ana funguo za akiba za chumba changu, mwenye nyumba anaishi humu au ana kijana wa kusimamia, na huyo kijana analala wapi. Yule aliyekasirika nilipouliza habari ya funguo za akiba, nilimshukuru kwa muda wake, nikaondoka. Ilikuwa nyumba nzuri kweli, ina mwembe uani, na bado naukumbuka ule mwembe.

Kwa hiyo hicho chumba cha taa za buluu mwachie yule mtu wa saa kumi. Mwambie dalali asante, utafika mwenyewe, na ukiona amekutumia namba ya kulipia "ya kushikilia tu", usijibu. Ile milioni yako ibaki benki. Utakaa kwangu mwezi mmoja. Najua hupendi, uliniambia hutaki kuwa mzigo, na mimi pia niliwahi kukataa kukaa kwa shangazi kwa maneno hayohayo, nikaenda kulipa Sinza. Kuchangia utachangia: mkaa, na zamu yako ya kufagia uani. Mume wangu ameshaambiwa, amesema sawa mradi usimbadilishie chaneli mpira ukianza.

Jumamosi mbili za kwanza tunatembea. Tunaanza Tabata kwa mama wa vitumbua, kisha Kimara, sehemu za karibu na kituo tu, na ukitaka Kigamboni nitakupeleka uvuke pantoni kwa macho yako. Vaa raba.

Basi lako likiingia stendi ya Mbezi, kaa kitini mpaka wenye haraka washuke, na usimpe mtu begi hata akikuita kwa jina. Nitakuwa upande wa bodaboda na kanga ya njano. Godoro dogo nimelianika tangu juzi.