Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Gundi ya lebo za chupa inatumaliza

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbagala, Dar es Salaam, ambako mimi na kina mama wenzangu kumi na wawili tunaishi kwa makopo ya maji, zile chupa tupu za plastiki. Tunanunua kwa waokotaji, tunachambua, tunasaga, tunaosha, tunauza chenga, yaani vipande vidogo vya plastiki iliyosagwa. Nimevumilia mengi, lakini la Jumanne iliyopita limenishinda.

Siku hiyo magunia yangu ishirini na sita yalikataliwa kiwandani. Mpokeaji alichota chenga, akazisugua kwa kidole gumba, zikanata. "Mama, hii gundi," akasema, na gari likageuzwa. Gari lenyewe nilikodi kwa pesa ya mkopo wa kikundi.

Watu hudhani tunapambana na uchafu. Uchafu unatoka, Mheshimiwa. Kisichotoka ni ule mstari wa gundi chini ya lebo. Kwenye pipa la maji chenga za chupa huzama, vizibo na lebo za plastiki huelea, tukaviengua. Kipande cha lebo kilichogandana na chenga huzama nayo. Kikifika kwenye joto la kuyeyushia, nyuzi 250 na zaidi, gundi inaungua, plastiki inageuka manjano yenye madoa meusi. Hiyo haiwi chupa tena. Lebo za karatasi ndiyo balaa, zinalowa zinakuwa uji.

Tunachemsha maji kwa kuni, tunatia kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi, tunabandua kwa visu. Mwenzetu mmoja ana kovu la kostiki kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Ana watoto watatu.

Na gundi zinazoachia zipo. Zipo zinazolegea kwenye maji ya moto yenye kostiki, lebo ikatoka nzima bila kisu, na watafiti wanaendelea kutengeneza nyingine zinazovunjika zenyewe wakati wa kuosha. Korea Kusini tangu Desemba 2019 imekataza chupa za vinywaji kubandikwa lebo kwa gundi ya kawaida isiyobanduka. Kwetu hapa nadhani kikwazo ni bei: gundi ya sasa ni rahisi kwa anayeibandika, na gharama ya kuibandua tunalipa sisi.

Serikali ikiamua inaweza. Mifuko ya plastiki iliondoka Juni 1, 2019. Mwaka 2021 mkakataza na vile vijiplastiki vya kufungia vizibo. Gundi imeshindikana nini? Mwaka jana wageni wa ofisini walikuja kwenye yadi yetu, wakapiga picha, wakaandika "lebo" kwenye daftari, wakaahidi kikao na wenye viwanda vya maji kabla ya Ramadhani. Ramadhani imepita. Hakuna aliyepiga simu.

Sikuombi mashine wala mkopo, Mheshimiwa. Naomba kanuni moja tu: lebo ya chupa ibandikwe kwa gundi inayotoka kwa kuoshwa. Hiyo moja tu, nakuomba sana.

Magunia yangu yako uani, nimeyafunika turubai. Njoo uyashike kwa mkono wako.

Mama wa makopo, Mbagala