Barua ya malalamiko: Sani moja imeharibiwa, ya pili haijulikani ilipo

Mteja wenu,
Ilala,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Usafirishaji wa Vifurushi,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA GAZETI MOJA NA KUPOTEA KWA JINGINE, KIFURUSHI KUTOKA SONGEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla sijaeleza kilichotokea, naomba jambo moja lifanyike leo. Toeni agizo kwa ofisi zenu za Songea na Makambako, na kwa ghala la Dar es Salaam, kwamba gazeti lolote kuukuu lisilo na mwenyewe lisitupwe, lisichomwe, wala asipewe mtu kwenda kufungia vitu. Kijana wa dirisha la malalamiko aliniambia kwamba mizigo isiyo na lebo huondolewa ghalani kila baada ya muda. Gazeti langu moja halina lebo, kwa sababu lebo ya kifurushi kizima mliibandika juu ya lile jingine. Kama bado liko mikononi mwenu, liko mahali ambapo siku yoyote mtu wa usafi anaweza kulizoa bila kosa lolote kwa upande wake.

Magazeti ninayoyasema ni matoleo mawili ya Sani, gazeti la hadithi za katuni, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wafanyakazi wenu wote niliozungumza nao ni vijana na hawakulikuta, kwa hiyo niruhusu nieleze. Sani ilianzishwa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Kabla ya hapo tulikuwa na Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na sisi tuliokuwa watoto tulimpenda sana, ila Chakubanga alikuwa na kona yake tu ndani ya gazeti la wakubwa. Sani lilikuwa gazeti letu. Humo ndimo Philip Ndunguru alimowachora Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Dokta Love Pimbi na Komredi Kipepe. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wachoraji wengine wakawaendeleza wahusika wake, nao wana sifa zao, lakini mkono wake unajulikana, na kazi ya mkono huo ina mwisho. Hakuna mchoro mpya wa Ndunguru utakaokuja. Kilichopo ni kile kilichochapwa wakati ule na kikasalimika.

Kilichosalimika ni kidogo sana, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Gazeti moja la Sani lilisomwa na nyumba nzima, likavuka kwa jirani, likaenda kwa kinyozi, na kwa kinyozi likakaa benchini mpaka likalegea. Watoto waliwakata akina Lodi Lofa kwa wembe wakawabandika milangoni. Kilichobaki kilijalidi madaftari au kufunga karanga. Enzi zile za foleni na maduka ya kaya hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuchezea, na siwalaumu watu wale. Mama yangu mwenyewe alifanya hivyo. Karatasi yenyewe nayo ilikuwa ile ya magazeti, ambayo hugeuka manjano ikipigwa na mwanga na kukauka mpaka ikavunjika kwenye mkunjo. Pini za katikati hushika kutu katika hewa yetu ya pwani, na kutu ikila karatasi, shiti ya nje ndiyo huanguka kwanza. Magazeti ya namna hii hukunjwa shiti ndani ya shiti, kwa hiyo shiti moja ya nje hubeba kurasa nne: mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Ikianguka, umepoteza jalada, umepoteza na mwisho wa gazeti. Matoleo mengi niliyoonyeshwa kwa miaka yote hii yalikuwa hivyo, yana tumbo bila kichwa wala miguu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilianza kuyakusanya nikiwa mwajiriwa mpya, nikajiwekea mpaka kwamba nitatafuta yale ya uhai wa Ndunguru tu, kwa sababu mshahara wa mwalimu hauwezi kukimbiza kila kitu. Nimeuliza kwa wauza vitabu wa barabarani pale Posta na Kariakoo, kwa mafundi redio, kwa makarani wastaafu, kwa wazee wa mitambo ya uchapaji. Kila nilipohamishwa kituo cha kazi niliacha neno kwa vinyozi. Wapo walionipa bure, wapo walioniuzia kwa bei iliyonifanya nikope. Kuna mzee mmoja Tanga alikataa kuniuzia toleo alilokuwa nalo, akaniambia nije nilisome kwake kila ninapotaka, nami nilikwenda. Alipofariki wanawe wakaniletea. Hivyo ndivyo mkusanyiko wangu ulivyokua, kwa imani za watu, na mwaka huu mapengo yakawa yamebaki mawili.

Yote mawili yalipatikana Songea, ndani ya sanduku la bati la mwalimu mwenzangu aliyekwisha kutangulia mbele za haki. Mjane wake alikuwa akiweka majani makavu ya mwarobaini kati ya magazeti ili kuzuia wadudu, na hakuacha kufanya hivyo hata baada ya mume kufa. Alinipigia simu mwenyewe. Majalada yapo, pini zipo, hakuna aliyekata kitu. Moja kati ya hayo mawili lina sehemu ya katikati ya hadithi ambayo mwanzo na mwisho wake ninao nyumbani tangu nikiwa binti, na sijawahi kuisoma hiyo sehemu ya katikati. Hilo ndilo lililopotea.

Sasa nieleze mlivyofanya. Mpwa wangu anayeishi Songea aliyapeleka kwenye ofisi yenu kama nilivyomwelekeza. Kila gazeti lilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, yote mawili yamewekwa kati ya kadibodi mbili ngumu, juu bahasha ya kaki imeandikwa kwa kalamu nyekundu USIKUNJE. Aliomba huduma ya mzigo dhaifu, akalipia nyongeza, na risiti inaonyesha hivyo. Alipotaka thamani ya mzigo iandikwe kwenye fomu, karani alikataa. Alimwambia mfumo haupokei thamani hiyo kwa magazeti, akaandika "magazeti 2" na sehemu ya thamani akaipiga mstari. Nakala ya fomu nimeiambatisha, mstari unaonekana.

Kilichofika Dar es Salaam hakikuwa bahasha ile. Kilikuwa mfuko wa plastiki wa kampuni yenu, umekunjwa mara tatu na kufungwa mpira. Kadibodi hazimo. Ndani mna gazeti moja, limekunjwa pamoja na mfuko, na lebo ya safari imebandikwa kwa selotepu moja kwa moja juu ya jalada. Mtu aliitoa bahasha, akazitoa kadibodi, akauchana mfuko wa nailoni, kisha akachukua kitu kilichokuwa safi na kukibandika gundi. Taarifa zenu za kufuatilia mizigo zinaonyesha kwamba kifurushi kilishushwa Makambako na kupakiwa upya. Sijui kama ni pale, lakini nyinyi mnaweza kujua, kwa sababu kila aliyekigusa aliingia kwenye mfumo kwa jina lake.

Nilimwomba dada wa kaunta asiguse lebo. Nilimwomba kwa sauti. Alisema anahitaji kipande chake kwa ajili ya kumbukumbu, akaivuta. Selotepu iliondoka na ngozi ya karatasi, na pamoja na ngozi hiyo ikaondoka rangi yote ya sehemu ya katikati ya jalada. Picha ninazo, za jinsi lilivyokuwa Songea na lilivyo sasa. Gundi iliyobaki kwenye karatasi inaendelea kunyonya kuelekea ukurasa wa pili hivi ninavyoandika, na ndiyo maana nalazimika kuandika kwa haraka hii.

Nilipolalamika, kijana wa dirishani aliniambia, "Mama, hilo si gazeti tu? Tutakurudishia nauli, ununue jingine." Sitaki aadhibiwe kwa maneno hayo. Alisema alichofundishwa, na fomu yenu inasema hivyo hivyo: mzigo usioandikwa thamani hulipwa gharama ya kuusafirisha. Ila fomu hiyo ilijazwa na karani wenu, na thamani ilifutwa na karani wenu. Hamuwezi kukataa kuandika thamani asubuhi, kisha jioni mkasema haikuandikwa. Na nyongeza ya mzigo dhaifu mliipokea ya nini, kama kadibodi zilizouzuia usikunjwe zingetupwa njiani? Nauli mliyotaka kunirudishia sikuipokea, na sitaipokea mpaka suala zima lishughulikiwe.

Nataka uelewe, Ndugu Meneja, kwamba sipiganii bei. Mwaka 1983, wakati Serikali ilipoanzisha Nguvu Kazi na watu wasio na kazi wakisombwa mitaani Dar es Salaam kurudishwa vijijini, mhusika mmoja aliyependwa sana katika Sani alikuwa ni huyo Lodi Lofa, lofa kama jina lake. Watu waliokuwa wakiogopa kukamatwa walikuwa na mtu wa kucheka naye. Katika hotuba hutalipata hilo, na katika vitabu vya historia tulivyofundishia hutalipata. Vijana wanaosomea uchoraji huja kwangu na simu zao, wanapiga picha mstari kwa mstari, wanataka kuona mtu wa umri wao alivyoweza kuchora foleni nzima kwa kalamu moja. Nilikwisha kuwaahidi kwamba mkusanyiko ukikamilika nitaupiga picha wote, ukurasa kwa ukurasa, kisha karatasi zenyewe ziende mahali zitakapotunzwa baada yangu. Ninyi mmesimama katikati ya ahadi hiyo.

Kwa hiyo naomba msako wa kweli ufanywe wa gazeti lililopotea, si barua ya kusema "tumetafuta hatukuona". Mpigieni aliyekuwa zamu Makambako. Fungueni mabegi ya plastiki ya safari ile. Ulizeni kama kuna dereva au mpakiaji aliyelichukua kusoma. Kama yupo, mwambieni sina ugomvi naye, alirudishe tu, nami nitamshukuru kwa mkono wangu. Ni gazeti lenye rangi ya manjano iliyofifia, harufu yake ni ya mwarobaini, na namba ya toleo imo kwenye kiambatisho.

Kuhusu lililoharibiwa, nataka mlipie gharama za mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka aondoe gundi kabla haijapenya zaidi. Nimekwisha kumpata na makadirio yake yameambatishwa. Rangi haitarudi, najua. Kurasa za ndani zinaweza kuokolewa, na kila wiki mnayochelewa inazipunguzia nafasi hiyo. Nataka pia maelezo ya maandishi, yaliyosainiwa, ya nani aliondoa kadibodi na kwa nini. Na ile sehemu ya thamani kwenye fomu yenu iachwe kwa mteja aijaze mwenyewe. Leo ni mimi na Sani. Kesho atakuja mtu na vyeti vya marehemu baba yake, au picha pekee ya harusi ya bibi yake, na karani atamwandikia "karatasi".

Nafahamu utaratibu: lazima nianze kwenu, na nisiporidhika niende Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ndiyo inayowapa leseni ya vifurushi. Nimeanza kwenu kwa moyo mweupe. Nakala ya barua hii nimeipeleka pia kwenye baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano ili wajue kwamba malalamiko yapo na yamefika kwenu kwa mkono, mhuri wa mapokezi ukiwa juu yake.

Yule mjane wa Songea hajui bado. Amepiga simu kuuliza kama yamefika, na mpwa wangu amemwambia yapo njiani. Naomba mnijibu mapema, kwa namba ya simu iliyoko kwenye risiti au kwa kuniita ofisini, ili nimpe mama yule jibu la kweli.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mteja wenu, mwalimu mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam.

Viambatisho: nakala ya risiti na fomu ya mzigo, picha za magazeti yote mawili kabla ya kusafirishwa, picha za jalada lilivyo sasa, makadirio ya mtaalamu wa nyaraka.