Barua kwa Baba: Yusuf hakuwakimbilia Wajerumani

Hamburg, Jumapili usiku

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu ni juu yenu huko nyumbani. Mama naye mpe shikamoo yangu, mwambie baridi imeanza kupungua na mguu hauniumi tena.

Juzi kwenye simu uliniuliza nasoma nini siku hizi, na kabla sijamaliza kukujibu ukasema, "Yule Yusuf ni kijana mpumbavu. Anawakimbilia watu waliokuja kumtawala!" Nilitaka kukujibu, bando likakata. Nimeona bora niandike, maana neno lako nimelala nalo siku tatu na sikubaliani nalo.

Kwanza ahsante kwa Peponi, riwaya yenye huyo Yusuf tunayebishania. Kilifika salama, kona moja tu imekunjika. Paradise chenyewe nilikisoma nikiwa chuo, kwa Kiingereza kile alichokiandika Abdulrazak Gurnah mwaka 1994, na nilikipenda, lakini nilikisoma kama mtu anayetazama nyumba yao kupitia dirisha la jirani. Sasa nakisoma kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, aliyekitafsiri, nami nimeingia ndani, nimevua viatu. Nikiwa zamu ya usiku, wazee wakishalala, nasoma kwa sauti ya chini pale kwenye meza ya wauguzi. Bibi mmoja asiyepata usingizi ameniomba nimsomee na yeye. Haelewi neno hata moja. Anasema anapenda inavyokwenda.

Unakumbuka Khalil wa dukani anavyomwita Yusuf? Kifaurongo. Hata kwenye kile kitabu cha Kiingereza neno hili lilikaa vilevile, na siku ile darasani mwalimu alipotuuliza maana yake, mimi peke yangu ndiye niliyeujua ule mmea. Nikawaeleza njia ya kwenda kisimani kwa Bibi, tulivyokuwa tunachuchumaa na kugusa jani kwa ncha ya kidole, vijani vinajikunja viwili viwili hadi kwenye kikonyo, kisha shina zima linainama kama limekufa. Ukikaa kimya ukasubiri, linafunguka tena polepole. Yusuf ndivyo alivyo tangu mwanzo. Ana miaka kumi na miwili, anapandishwa treni na tajiri Aziz akidhani anakwenda kutembea, kumbe baba yake ana deni na yeye ndiye rehani. Anajikunja. Kila anayemgusa, anajikunja.

Basi hebu tuje kwenye ule mwisho. Wewe umeona kijana anakimbia kufuata msafara wa askari wa Kijerumani, ukakasirika, na hasira yako naielewa. Lakini Baba, fungua tena ukurasa wa mwisho uusome taratibu. Kabla hajakimbia anasikia nini? Anasikia kwa nyuma mlio kama wa milango inayokomewa bustanini. Ndipo anageuka mara moja, halafu anakimbia. Macho yanamchonyota. Mtu anayekwenda kwa furaha hakimbii namna hiyo.

Nawe ndiye uliyetufundisha Surat Yusuf, mimi na kaka, pale barazani baada ya magharibi. Mke wa bwana anafunga milango, Yusuf anakimbilia mlangoni, kanzu inachanika kwa nyuma, na kule kuchanika kwa nyuma ndiko kunakomtakasa. Gurnah kaichukua kanzu ile ile. Bibi mkubwa wa nyumba anamshika kijana, nguo inachanika mgongoni. Tofauti ni kwamba Yusuf wa Qur'ani ana Mola wake anayemwandalia njia hata ndani ya gereza, na huyu wa kitabu hana chochote. Nyuma kuna komeo, mbele kuna bunduki. Mimi siwezi kumwita mpumbavu mtoto aliyewekwa rehani na baba yake mzazi, ambaye siku ya kwanza anapoamua jambo mwenyewe anakuta yaliyobaki ni hayo mawili.

Mwenye akili kuliko wote mle ni Mzee Hamdani, yule mtunza bustani. Anapewa uhuru wake, anaukataa, kwa kuuliza nani kawaambia kuwa wanao uhuru wa kumpa. Niliposoma pale nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai. Lakini angalia, Baba, hata yeye na hekima yake yote hakutoka bustanini. Alibaki akizoa majani kwenye birika. Yusuf kaona mfano huo kila siku kwa miaka. Pengine alimkimbia Mzee Hamdani kama alivyomkimbia tajiri.

Sehemu niliyoifurahia kuliko zote ni Kalasinga, yule fundi Singasinga, anapotangaza kuwa ataifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, na wenzake wanamkumbusha kwamba Kiarabu hakijui na Kiswahili chenyewe kinampiga chenga. Nikakumbuka tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy juu ya kabati lako, ile ya 1969, yenye jalada ulilolishona kwa uzi wa viatu. Bado ipo?

Sasa nina kitabu kingine mkononi, na hiki ndicho kilichonifanya niwe mkali kumtetea Yusuf. Ni cha Gurnah huyo huyo, Afterlives, cha mwaka 2020. Nimekiazima maktaba ya mtaani kwa Kijerumani, huku kinaitwa Nachleben. Humo yumo kijana Hamza, naye aliwahi kutolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni, naye kakimbia, kajiandikisha jeshi la Wajerumani. Kama vile mwandishi alikaa miaka ishirini na sita akimfikiria yule mtoto aliyemwacha barabarani, kisha akamfuata aone yaliyompata. Hamza anachaguliwa kuwa mtumishi wa ofisa mmoja, na ofisa anamfundisha Kijerumani ili siku moja aweze kumsoma Schiller, mshairi wao mkubwa. Ofisa hamchapi. Anasema naye kwa upole, anamsahihisha matamshi, anamtazama. Nami nimeogopa ule upole kuliko viboko vyote vya kwenye kitabu, kwa sababu Hamza hajui yeye ni nani mbele ya mtu huyu, mwanafunzi au mnyama wa kufugwa. Nilijifunza lugha hii miezi kumi na minne kabla ya kuruhusiwa kushika mgonjwa. Walimu wangu walikuwa watu wema, nawaombea kheri. Ila kuna namna mtu anavyokusifu ukisema sentensi moja sawasawa, na nimeikuta mle ndani neno kwa neno.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi nikaenda Jenfeld, kitongoji cha mashariki ya jiji. Kuna sanamu mbili za ukutani za udongo wa kuchoma, kubwa, zilizowekwa kwenye kambi ya jeshi mwaka 1939, enzi za Hitler, na kambi ikapewa jina la Lettow-Vorbeck, yule yule kamanda wa Wajerumani aliyepigana Tanga Novemba 1914. Mwaka 2003 waliziweka pamoja kwenye kibustani wakakiita kwa jina la Tanzania. Lango lilikuwa limefungwa. Nikachungulia. Upande mmoja askari wanamfuata Mjerumani, upande mwingine wapagazi na mizigo yao. Sura zote zimechongwa kwa mkono mmoja, shavu moja, taya moja, na hakuna aliyeandikwa jina. Nilisimama pale nikiwa na kitabu kwenye mkoba na nikajiuliza Yusuf ni yupi kati ya hawa. Watu waliozitengeneza walitaka tuone utiifu. Gurnah anamtoa mmoja mmoja mstarini, anampa mama, deni, ndoto za usiku. Hiyo ndiyo kazi ya riwaya kwangu, na ndiyo maana nimekasirika ulipomrudisha Yusuf mstarini kwa neno moja.

Katika kitabu hiki yuko pia Ilyas, anayewapenda Wajerumani kwa moyo kabisa. Anakwenda vitani na harudi, dada yake Afiya anamsubiri. Sijafika mwisho na nimejizuia kufunua kurasa za nyuma, lakini nina wasiwasi mkubwa, kwa sababu nakijua kisa kimoja cha kweli. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia vita ile akiwa mtoto, na mwaka 1929 akafika Berlin, akawa anadai mshahara wa jeshi uliokuwa haujalipwa. Alifundisha Kiswahili chuoni pale, akaigiza kwenye filamu zao. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Hapa alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Mbele ya nyumba aliyoishi, mtaa wa Brunnenstraße kule Berlin, wameweka kijiwe cha shaba ardhini chenye jina lake. Niliinama nikakifuta vumbi kwa kiganja. Mwalimu wa Kiswahili mwenzako, Baba.

Kusadikika nacho ninacho hapa, lakini safari hii sijafika mbali. Wale wajumbe sita wa Karama nawapenda kama zamani, tatizo ni kwamba baada ya zamu sentensi za Shaaban Robert zinataka kichwa kilichopumzika. Nitakirudia kwenye likizo.

Nina ombi moja. Babu yetu wa Pangani, yule aliyechukuliwa upagazi na Wajerumani akarudi bila vidole viwili vya mguu kwa ajili ya funza, tangu nizaliwe nasikia "babu wa Pangani" tu. Tafadhali muulize Shangazi jina lake kamili, na jina la mama yake kama analikumbuka, uniandikie kwa mwandiko wako. Na ukishausoma tena ule ukurasa wa mwisho wa Peponi, nipigie, hata kama ni usiku wa manane. Wiki hii nzima niko zamu.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi